Wasichana wakifungwa hakuna anayewaendea. Kitambaa chetu cha Desemba kitabadili nini?

#1 FundiKiboriloni
Habari za jioni wanajamvi.

Mimi ni fundi cherehani, Moshi. Kikundi chetu cha akina mama (Walutheri, Wakatoliki, na Waislamu wa Majengo wamo) kimeamua kushona kitambaa kimoja kikubwa cha vipande vya khanga na vitenge. Kila kipande ni cha msichana mmoja wa huku kwetu aliye ndani: mahabusu, gerezani, shule ya maadilisho, popote. Jina haliandikwi. Anayemfahamu anashona kitu chake. Kama binti alikuwa msusi, anashonewa kitana. Kama alikuwa anauza ndizi Mbuyuni, mkungu. Desemba watu wakirudi nyumbani tunakitandaza uwanjani, tunaimba, anayetaka kuongea anaongea, akina mama wanacheza ngoma, tunatawanyika.

Wazo lilianzia getini gerezani. Tulimsindikiza mwenzetu kumpelekea kaka yake chakula. Foleni ndefu, mama, wake, mashemeji, kila mmoja na hotpoti yake. Upande wa wanawake hapakuwa na mtu. Tukamuuliza askari, mabinti wapo humo? Akajibu wapo, ila hao hawana watu.

Mzee mmoja wa kanisani anasema tunawapamba wahalifu. Mwingine kasema tunawafanyia matanga watu wazima wanaopumua. Naomba mnisaidie mambo mawili. Kwa nini kijana wa kiume akifungwa mama yake anahamia getini, ila wa kike akifungwa hata jina halitajwi tena pale nyumbani? Na mkusanyiko kama huu unamfaa nani hasa, wao au sisi?

#2 mangi_marangu
Naweka kambi hapa. Ila kwanza, kiingilio shilingi ngapi? Sijawahi kuona mkusanyiko wa Desemba Kilimanjaro usio na harambee na kadi ya mchango.

#3 BibiNjoro
Swali la kwanza halina ugumu. Ni aibu. Wa kiume akifungwa tunasema ujana, atatulia. Wa kike akifungwa ni mama yake hakulea. Nina jirani alikuwa anatuambia binti yake kapata kazi Dubai. Mtaa mzima ulijua alipo, na mtaa mzima ulikuwa unamuuliza "Dubai hajambo?" Mama anaitikia hajambo. Sasa mtu aliyesema mwanawe yuko Dubai atasimamaje kwenye foleni ya gerezani, jirani amuone?

#4 chalii_ngarenaro
Oya, bibi namheshimu ila nakataa. Si aibu, ni nauli. Huku Chuga, yaani Arusha, wasichana wengi wanaodakwa ni madada wa kazi. Katoka Singida, katoka Kondoa, katoka Iringa ndanindani. Kaletwa mjini na mtu, kawekwa nyumba ya Njiro au Sakina, kukapotea kitu ndani, kituoni. Mama yake yuko kijijini simu ya kuazima. Anayemjua hapa mjini ni bosi wake, na bosi ndiye mlalamikaji. Nani ampelekee wali? Hapo aibu inaingiaje?

#5 wakili_mtaani
Niweke sawa bandiko la kwanza kabla mambo hayajachanganywa.

Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto hahukumiwi kifungo. Mahakama ya Watoto inaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, au kumpeleka shule ya maadilisho, ile ya Irambo, Mbeya. Kama kesi inaendelea na dhamana imekosekana, anawekwa mahabusu ya watoto. Arusha ipo, Moshi ipo. Kwa hiyo ukikuta binti wa miaka 16 kalala na watu wazima, uliza karatasi zinasemaje. Mara nyingi zinasema 19. Cheti cha kuzaliwa hana, mtu kamkadiria kwa macho, na yeye kwa woga kaitikia.

La pili, fundi, ni hilo la kutotaja jina. Kesi za watoto husikilizwa faragha na hairuhusiwi kutangaza kitu kitakachofanya atambulike. Mtaa wenye msusi mmoja aliyekamatwa, kitana ni jina lake kamili na ubini.

#6 FundiKiboriloni
@wakili_mtaani asante. Lakini wasusi Moshi hii wamejaa kuanzia Memorial hadi Pasua. Nani atajua ni yupi?

#7 BibiNjoro
Mimi nitajua. Na kama najua mimi, soko zima linajua.

#8 Mzazi_Sakina
Mimi nitasema lisilopendeza.

Dada wa kazi alimmwagia mwanangu uji wa moto. Sitaki kuingia kwenye ilikuwaje, mahakama ilishaingia. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Leo yuko darasa la tano, shingo haigeuki upande mmoja, na shuleni wana jina walilompa. Yule dada yuko ndani. Mkitandaza kitambaa na kuimba, mnamwimbia yeye. Mwanangu nani anamshonea kipande?

#9 chalii_ngarenaro
Pole sana mama. Kwa kweli pole.

#10 FundiKiboriloni
Pole dada yangu. Hilo kwenye kikundi halikuwahi kusemwa. Nitalipeleka kama ulivyoliandika.

#11 afande_mstaafu
Nimefanya kazi upande wa wanawake hadi nimestaafu, kwa hiyo hapa naongea ninachokijua. Bibi Njoro anasema aibu, kijana anasema nauli. Vyote vipo, ila havitoshi. Angalieni ile foleni aliyoisema fundi. Ilikuwa na nani? Wanawake. Mwanamume akifungwa ana mke nje, ana mama, ana dada, ana mchumba, na mara nyingine wachumba wawili wanakutana getini tunaamua ugomvi. Mwanamke akifungwa, mume anakaa kidogo halafu anaingiza mwingine. Sasa binti asiyeolewa ndiyo kabisa. Kaka zake wapike? Baba yake abebe hotpoti? Tangu lini? Wanaokwenda kwa wafungwa ni wanawake, na wanawake wamefundishwa kwenda kwa wanaume.

Na msidhani hawana sanaa, wanayo. Wanadarizi, wanafuma, wanashona. Vitu hivyo vinauzwa huku nje na hakuna anayeuliza nani kashona.

#12 mangi_marangu
Wachumba wawili getini, afande hebu tupe kisa hicho.

#13 afande_mstaafu
Nikikupa kisa utajitambua mangi.

#14 mangi_marangu
😂 Basi yaishe.

#15 jirani_taveta
Salamu kutoka ng'ambo ya Holili. Mimi naona jambo lingine, ni uchache wao. Huku Kenya vijana wa kiume walikuwa na borstal (magereza ya vijana) za Shikusa na Shimo la Tewa kwa miaka mingi sana. Ya wasichana, Kamae, imekuja juzijuzi tu ukilinganisha. Serikali ikiona wasichana ni kidogo, haijengi. Isipojenga, wanapelekwa mbali ama wanawekwa na watu wazima. Wakiwa mbali hakuna wa kuwaendea. Si lazima mtu awe na roho mbaya hapo, hesabu yenyewe inawasahau.

#16 BibiNjoro
Hesabu haina mama. Mimi nimezungumzia mama.

#17 chalii_ngarenaro
@jirani_taveta nakazia, hiyo ni nauli ileile umeivalisha suti. Wanawake waliofungwa miaka mingi wakipelekwa Kingolwira, Morogoro, mtu wa Unga Limited atatoa wapi pesa ya kwenda na kurudi kila mwezi?

Na mirungi mmeisahau. Mzigo ni wa mtu mzima mwenye gari lake, lakini anayebebeshwa ni msichana, eti hakaguliwi. Akidakwa njiani, mwenye mzigo anabadili laini ya simu. Huyo ndiyo hana mtu kabisa, maana hata akisema nani kamtuma, nani atakuja kujitaja getini?

#18 mchoraji_kwamrombo
Tuje kwenye sanaa maana mmeiacha. Mimi nachora, nauza kwa watalii. Twiga, mlima, Mmasai anaruka, twiga tena. Mtindo wa Tingatinga ndio unaonilisha. Na Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alikufa kwa risasi ya polisi, Dar es Salaam 1972, wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Kila siku tunapaka rangi zake na hakuna mteja anayeuliza alikufaje.

Ndiyo maana nina wasiwasi na vitambaa na michoro ya "kukumbuka". Kitu kikiwa kizuri sana, watu wanaangalia uzuri. Ningekuwa ninyi nisingeshona maua. Ningechora sura, ukutani, kubwa, mtu akipita na bodaboda aulize huyu nani.

#19 wakili_mtaani
Sura ya mtoto ukutani? Utaanza wewe kuwa mtu wa kukumbukwa.

#20 mwalimu_historia
Ngoja nimtetee mchoraji kwa mfano mmoja. Kiangazi cha 1963, mji wa Americus, jimbo la Georgia, Marekani. Wasichana weusi walikamatwa kwenye maandamano ya kupinga ubaguzi. Wengine walikuwa na miaka 12 au 13. Wakapelekwa Leesburg, kwenye jengo bovu la zamani, vyoo vimeziba, wanalala sakafuni. Wazazi hawakuambiwa walipo. Wakakaa zaidi ya mwezi. Kijana mpiga picha wa SNCC, chama cha wanafunzi cha kutetea haki, jina lake Danny Lyon, alijipenyeza hadi dirishani akawapiga picha kupitia kwenye nondo. Picha zikasambazwa, kelele zikawa kubwa, wakaachiwa. Sura zao ndizo zilizowatoa. Wangeshonewa mkungu wa ndizi wangekaa hadi leo.

#21 wakili_mtaani
Mwalimu, mfano mzuri ila umeupeleka pasipo pake. Wale hawakufunguliwa mashtaka yoyote na hakuna aliyejua walipo, kwa hiyo picha ilikuwa ushahidi kwamba wapo. Huyu wa kwetu ana namba ya kesi, ana tarehe ya kutajwa. Anachokosa ni mzazi au ndugu wa kukaa naye mahakamani na mtu wa kumtafutia cheti. Picha yake ikisambaa leo, akitoka kesho hapati kazi ya kufua.

#22 mchoraji_kwamrombo
Kwani sasa hivi akitoka anapata?

#23 msomaji_machame
Kuhusu "matanga ya walio hai", naomba nitaje Ireland. Kulikuwa na nyumba za masista ambamo wanawake na wasichana walifungiwa kufua nguo za watu bila malipo. Wengi hawakuwa na kosa lolote la mahakamani, wengine walipata mimba tu, au walionekana wataharibika. Nyumba ya mwisho ilifungwa 1996. Mwaka 1993 masista wa High Park, Drumcondra, waliuza kipande cha ardhi, ikabidi makaburi yahamishwe. Wakakuta miili 133, wengine hata hawakuwa wameandikishwa kwamba wamekufa. Hao walikumbukwa baada ya kuwa mifupa. Kwa hiyo mzee wa kanisani aache, matanga ya walio hai ni afadhali mara mia.

#24 mwalimu_historia
Nakusahihisha hapo. 133 ndiyo idadi iliyokuwa kwenye kibali. Walipofukua wakakuta 22 zaidi, jumla 155. Hiyo tofauti ndiyo iliyowasha moto. Mwaka 1996 likawekwa benchi la kumbukumbu kwenye bustani moja ya Dublin, Rais Mary Robinson akalizindua. Serikali iliomba radhi 2013.

#25 chalii_ngarenaro
Miaka 17 kutoka benchi hadi samahani. Benchi hilo lilikuwa linapanda hice gani?

#26 mwalimu_historia
Benchi halikuleta radhi, chalii. Wanawake wenyewe na watoto wao ndio waliopiga kelele hadi ikapatikana. Hata Australia, pale Parramatta, nyumba ya wasichana ilifungwa 1974, na aliyeirudisha kwenye midomo ya watu ni mmoja wa waliowahi kufungiwa humo, Bonney Djuric, alipoanzisha kundi la Parragirls 2006. Kwenye mbao za jengo lile kuna herufi ILWA, wasichana walizichonga wenyewe, kwamba nakupenda nakuabudu daima. Hakuna msanii aliyeajiriwa kuchonga.

#27 kimya_kingi
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu, nimekuwa nasoma tu.

Nilikuwa ndani. Karatasi ilisema 19, mimi nilikuwa na 16, kama alivyosema wakili. Kesi ilikuwa hereni za dhahabu za mama mwenye nyumba. Sikuzichukua, ila hata kama ningezichukua nisingetaka kuwekwa vile.

Wageni walikuja. Kwaya moja ilikuja, wakaimba vizuri sana sitasema uongo, wakaleta sabuni na biskuti. Halafu wakapiga picha na zile sabuni. Sabuni zilipigwa picha kuliko sisi. Wakaondoka, na kile kipande cha sabuni kikagombewa.

Mkituuliza tungependa nini: Pedi. Dawa ya meno. Mtu wa kukaa kwenye benchi la mahakama siku ya kesi, hata kama hanijui, ili hakimu akiuliza "ndugu wapo?" mtu anyooshe mkono. Mimi nilikuwa nageuka nyuma kila mara, na aliyekuwepo ni mlalamikaji.

Halafu msifikiri nakataa sanaa. Kuna mama mmoja wa Mwanga, kifungo kirefu, alinifundisha kudarizi. Nilidarizi nyumba yetu na mbuzi mlangoni. Kikachukuliwa na vingine kwenda kuuzwa. Kile kilinisaidia kuliko kwaya, kwa sababu siku nzima ukishika sindano huwazi. Sasa ninyi mnashona kitambaa changu mkiwa nje, na mimi niliye ndani sijaulizwa nishonwe nini. Huenda nisingetaka kitana. Huenda sipendi kusuka.

#28 BibiNjoro
Mwanangu. Karibu jamvini.

#29 afande_mstaafu
Karibu binti. Huyo mama wa Mwanga nadhani namjua. Mkono wake wa kushoto.

#30 kimya_kingi
Ndiyo afande. Wa kushoto.

#31 dada_themi
Jamani mmenitoa machozi kazini, bosi ananiangalia. Nilinunua kitambaa cha meza banda la Magereza, Nane Nane, viwanja vya Themi. Kina nyumba ya msonge, mgomba, na kuku mwekundu pembeni. Kipo mezani kwangu hadi leo, watoto wamekimwagia chai. @kimya_kingi usije ukawa ni chako?

#32 kimya_kingi
Si changu. Changu ni mbuzi, na nyumba yetu ni ya bati. Ila kifue kwa maji baridi, zile nyuzi zinachuja rangi.

#33 mzee_kibosho
Nimesoma wote. Ninyi vijana mnatafuta mifano Ireland wakati hapa migombani tuna utaratibu wetu. Isale, lile jani letu Wachaga. Mtu akikuletea isale kuomba msamaha, huwezi kukataa, hata kama alikuchomea nyumba. Mkusanyiko ufanyike hivi: kila anayekuja abebe jani la isale. Hakuna jukwaa, hakuna spika kubwa. Mashairi na vitambaa viwepo, ila isale ndiyo shughuli yenyewe.

#34 BibiNjoro
Mzee shikamoo. Ila nani anamwomba nani? Isale hubebwa na aliyekosa. Mkimshikisha binti, mmemhukumu mara ya pili mbele ya watu. Mkilishika ninyi, semeni kwanza mmekosa nini.

#35 mzee_kibosho
Marahaba. Tumekosa kwenda. Getini hapakuwa na mtu, fundi kasema. Hilo si kosa?

#36 Mzazi_Sakina
Na mimi niliyekosewa? Nikiletewa hilo jani uwanjani, watu wote wananitazama, mila inasema siwezi kukataa. Huo ni msamaha au ni kubanwa shingo?

#37 mzee_kibosho
Mama, kwa wewe halipelekwi uwanjani. Hupelekwa nyumbani, jioni, na watu wazima, baada ya mazungumzo mengi. Ni kweli, haliendi kwenye tamasha. Lakini hawa wa uwanjani wanawaletea mabinti, si wewe.

#38 olpayian_monduli
Na huyo dada wa Singida aliyemtaja chalii, isale kwake ni ua la uani tu. Sisi Wamaasai tunashika nyasi kuonyesha amani. Mkitaka kila kabila lije na jani lake mtafyeka mlima wote.

#39 mangi_marangu
Hapo TANAPA, wenye hifadhi za taifa, watafungua kesi, na sisi tutahitaji kitambaa.

#40 shangazi_usa_river
Mnaongea hereni na mirungi, kuna kundi mmelikwepa tangu juu. Waliojifungua chooni au shambani na kichanga kikapatikana kimekufa. Nimekaa kwenye baraza la kata, najua ninachosema. Msichana kaficha mimba miezi tisa, bosi haoni, mwalimu haoni, mama haoni. Siku ya kujifungua yuko peke yake, na siku ya kukamatwa ghafla mtaa mzima una macho. Aliyempa mimba hayupo hata kwenye maelezo. Huyo mtamshonea nini kwenye kipande chake? Mtathubutu?

#41 wakili_mtaani
Kwa hilo, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 199 inatenganisha. Mama akiua mtoto wake wa chini ya miezi kumi na miwili wakati akili yake haijakaa sawa kwa sababu ya uzazi, kosa linahesabiwa kama kuua bila kukusudia. Si kunyongwa. Lakini lazima mtu aisimamie hoja hiyo mahakamani, na msichana mwenyewe hawezi kujua kwamba ipo. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wakati mnasubiri Desemba, mtafuteni mmoja.

#42 FundiKiboriloni
@shangazi_usa_river kikundi kina kipande kimoja cha namna hiyo. Mama aliyekishona ameacha kitambaa cheupe kitupu, kashona pindo tu. Tulimuuliza akasema ndivyo anavyotaka. Kuna waliotaka kukitoa. Bado wanabishana.

#43 mchoraji_kwamrombo
Msikitoe. Hicho ndicho kazi ya sanaa pekee niliyoisikia kwenye uzi huu.

#44 kimya_kingi
Msikitoe.

#45 chalii_ngarenaro
Mimi nina hoja ya mahali. Kwa nini Moshi? Njooni Arusha. Huu mji dunia ilituletea mahakama ya mauaji ya Rwanda 1995 hadi 2015, watuhumiwa wao wakakaa Kisongo kwenye jengo la Umoja wa Mataifa, tukasikia mlo wao ulikuwa bomba. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ipo hapahapa. Mji wa haki kabisa huu, na dada wa kazi hana wa kumnyooshea mkono. Tandazeni pale mnara wa Mwenge, Kaloleni, waheshimiwa wapite juu yake.

#46 mangi_marangu
Arusha Desemba mtu mtampata wapi? Wote wako kwetu wanakula ndizi.

#47 chalii_ngarenaro
Wachaga ndio wanaoondoka. Mji unapumua, unapata hadi sehemu ya kuegesha.

#48 dada_themi
Kwa nini isiwe Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika? Ina maana yake, Soweto 1976, na ustawi wa jamii wanakuwa na bajeti.

#49 BibiNjoro
Siku hiyo watoto wanapangwa mstari juani wamsubiri mgeni rasmi. Hapana.

#50 afande_mstaafu
Tarehe yoyote mtakayochagua, zile hotpoti zenu za siku hiyo msile uwanjani. Pelekeni getini, upande wa wanawake. Waulizeni utaratibu wiki moja kabla.

#51 mangi_marangu
Afande, kutokula Desemba Kilimanjaro? Hapo mmeua shughuli.

#52 Mzazi_Sakina
Fundi, nimefikiri. Kama kuna kipande cha yule dada, nijulisheni kabla ya siku. Sisemi nitakuja. Sisemi nitakuwa nimesamehe. Nijulisheni tu.

#53 FundiKiboriloni
Dada yangu, majina hatuna hata sisi. Mama akileta kipande haulizwi ni cha nani. Njoo inboksi tuongee.

#54 wakili_mtaani
Mambo ya vibali sasa, kabla hamjachapisha kadi. Mkusanyiko wa hadhara, polisi wapewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla. Bakini na nakala yenye muhuri. Ngoma na muziki, muoneni afisa utamaduni wa manispaa, atawaambia kama mambo ya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, yanawahusu. Na lile la kitana bado sijaridhika.

#55 FundiKiboriloni
Kitana kinajadiliwa Alhamisi. Kuna aliyesema tumpelekee binti mwenyewe vipande na sindano achague, ila sindano kupita getini ndiyo kazi.

#56 afande_mstaafu
Sindano haipiti kirahisi. Vitambaa na nyuzi andikeni barua kwa mkuu wa gereza, ndani wana sindano zao zinazohesabiwa. Ila mkiomba wadarizi wao, muwalipe.

#57 mchoraji_kwamrombo
Hapo kwenye kuwalipa ndipo kikundi kitavunjika.

#58 dada_themi
Walio Arusha tunaleta wapi vipande vya khanga?

#59 FundiKiboriloni
Mpe kondakta wa basi la asubuhi la Moshi, funga kwenye mfuko andika "Fundi". Nitapokea stendi. Khanga ziwe zimefuliwa, na zisiwe zile za kampeni.

#60 olpayian_monduli
Wanaume tunaruhusiwa kushona?

#61 mangi_marangu
Wewe kifungo cha shati tu unampelekea dada yako Monduli.

#62 BibiNjoro
Aje. Na wewe mangi uje, utashika mkasi.